Haraka Inayolipwa: Udereva Kati ya Kitale na Bungoma

Madereva wa siku hizi wameingiwa na nini? Swali hili utalisikia katika steji ya Kitale, kwenye benchi za hospitali ya Webuye, na kwenye matanga kule Kimilili jamaa wanapoeleza jinsi marehemu alivyogongwa. Wazee huongeza kwamba zamani dereva alikuwa mtu mwenye heshima zake, aliyesubiri hadi mama mwenye mzigo apande, aketi, ndipo gari liondoke. Vijana nao hujibu kwamba zamani hiyo haikuwa na magari mengi, wala haikuwa na njaa hii. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na vipande hivyo vinafaa kuwekwa pamoja kabla hatujamhukumu mtu.

Ninachokisimamia hapa ni hiki: dereva wa leo hana moyo mbovu kuliko wa babake. Kilichobadilika ni hesabu iliyowekwa mbele yake. Barabara zetu zinailipa haraka, zinaitoza subira, na zimeigeuza adhabu kuwa ada ya kawaida ya safari. Mwingize mtu yeyote ndani ya hesabu hiyo, hata awe mlokole anayeanza siku kwa maombi, na baada ya miezi sita ataendesha kwa mwendo uleule tunaoulaani.

Ni kweli au ni kumbukumbu tu?

Tuanze na takwimu, maana malalamiko juu ya kizazi kipya ni ya kale katika kila nchi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliandikisha vifo 2,907 barabarani mwaka 2014. Mwaka 2018 vilikuwa 3,153. Mwaka 2021 vikafika 4,579, na mwaka 2024 vikawa 4,748. Kutoka 2018 hadi 2024 vifo vimeongezeka kwa nusu nzima, ilhali idadi ya Wakenya haikuongezeka kwa hata asilimia 20. Anayesema mambo yameharibika katika miaka ya karibuni hajakosea.

Lakini tukirudi nyuma zaidi, picha inabadilika. Miaka ya mwisho ya 1990, Kenya ikiwa na watu wasiozidi milioni 29, vifo vilivyoripotiwa vilikuwa kati ya 2,500 na 3,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa idadi ya watu, unapata karibu vifo tisa au kumi kwa kila watu 100,000. Mwaka 2024, nchi ikiwa na watu zaidi ya milioni 50, hesabu inakaribia tisa. Katikati ya muongo uliopita ilikuwa imeshuka chini ya saba. Kwa hiyo mzee anayeisifia miaka ya 1990 anakumbuka vizuri heshima ya dereva aliyemfahamu, lakini anasahau matatu zilizojaa hadi utingo akaning'inia mlangoni kwa mkono mmoja. Enzi ya nafuu tuliyoipoteza ni ya juzijuzi, na nafuu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa na watu. Hilo nitalirudia.

Takwimu hizi za polisi pia hazioni kila kitu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2016 waliokufa kwa ajali nchini walikuwa zaidi ya 13,000, wakati rejista rasmi ilionyesha 2,965. Mkulima anayegongwa na pikipiki gizani kwenye barabara ya vumbi nje ya Kiminini, akafia nyumbani baada ya wiki mbili, huenda asiandikwe popote. Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 inaeleza kwamba Afrika ina takriban asilimia 3 ya magari ya dunia lakini inabeba karibu asilimia 19 ya vifo vya barabarani. Na katika miaka ya karibuni nchini Kenya, wanaokufa zaidi ni wanaotembea kwa miguu, wakifuatwa na waendesha pikipiki. Wengi wa wanaolipa gharama ya udereva mkali hawajawahi kumiliki gari.

Barabara iliyobadilika chini ya miguu yetu

Kabla ya kumlaumu dereva, tutazame barabara anayoendeshea. Hadi miaka ya 2000, Bungoma ulikuwa mji wa baiskeli. Abiria aliketi kwenye mto mdogo nyuma ya baiskeli ya bodaboda, biashara iliyoanzia mpakani Busia, na mwendo ulitegemea mapaja ya kijana anayekanyaga. Akianguka, mlichubuka, mkapanguza vumbi, mkaendelea. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo. Pikipiki zilizosajiliwa nchini mwaka 2007 zilikuwa takriban 16,000; miaka miwili baadaye zilizosajiliwa kwa mwaka mmoja zilipita 90,000, na idadi iliendelea kupanda. Katika muda mfupi kuliko unaohitajika kumsomesha mtoto shule ya msingi, maelfu ya vijana walihamia kwenye injini bila shule ya udereva, bila leseni, na bila mtu wa kuwaonyesha namna ya kuingia barabara kuu.

Watu nao wameongezeka. Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu milioni 1.38 katika sensa ya 2009 na milioni 1.67 katika ile ya 2019. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, ilitoka 818,757 ikafika 990,341. Masoko yaliyokuwa ya siku moja kwa wiki yamekuwa miji midogo iliyobana barabara pande zote mbili, na mama muuza nyanya ametandika gunia lake hatua chache kutoka magurudumu yanapopita.

Katikati ya watu hao hupita barabara mbili kubwa. Moja inatoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Nyingine ni ya Ushoroba wa Kaskazini, inayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kupitia Eldoret, Webuye na Kanduyi hadi mpaka wa Malaba, kisha Uganda, Rwanda na Kongo. Kwa hiyo lami moja inatumiwa na trela la mafuta linaloelekea Kampala, trekta la miwa linalokwenda kiwanda cha Nzoia, Probox yenye abiria kumi, pikipiki yenye watoto watatu wa shule, na ng'ombe wanaopelekwa mtoni. Trekta linatambaa, mara nyingi bila taa wala rifleta nyuma. Probox inataka kuruka. Tofauti hiyo ya mwendo kwenye lami moja yenye njia mbili tu ndiyo inayozaa kupitana kwa hatari. Desemba 2017, kwenye daraja la Kamukuywa, ajali iliyohusisha magari kadhaa iliua watu zaidi ya kumi, na wenyeji walikuwa wamelilalamikia eneo hilo kwa miaka.

Kuna pia maisha ya watu ambayo wachora barabara hawakuyahesabu. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu hutahiri vijana wao, na misafara ya nyimbo na njuga hutembea barabarani mchana kutwa na kurudi kutoka mtoni alfajiri. Hakuna anayeweza kuwaambia wazazi waache mila yao kwa sababu ya lori. Barabara ndiyo iliyopitishwa katikati ya uwanja wao.

Lami ilipoboreshwa, mwendo uliongezeka, na hapo ndipo tulipopewa zawadi nusu. WHO inaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia nne. Tukipata lami laini bila njia ya miguu, bila taa, bila kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule, tunakuwa tumempa dereva ruhusa ya kukimbia, halafu tunamlaumu kwa kuitumia. Wananchi hujibu kwa kujijengea matuta yao wenyewe usiku. Matuta hayo ni kilio cha watu waliochoka kuzika.

Safari ya tano

Sasa tuingie ndani ya gari. Matatu nyingi huendeshwa kwa hesabu: dereva anampa mwenye gari kiasi kilichokubaliwa kila jioni, na kinachobaki baada ya gharama zote anagawana na utingo. Hana mshahara. Tuchukue mfano wa matatu ya abiria 14 kati ya Kitale na Bungoma, safari ya karibu saa mbili. Tuseme nauli ni shilingi 250. Gari likijaa, safari moja inaleta shilingi 3,500. Safari nne zinaleta 14,000. Toa mafuta, tuseme 1,800 kwa safari, yaani 7,200. Toa hesabu ya mwenye gari, 3,500. Toa ada za Sacco, yaani chama cha ushirika cha matatu, na za steji, 600, na noti za askari wa barabarani, 400. Inabaki shilingi 2,300 ya watu wawili waliotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Sasa tazama safari ya tano. Mwenye gari ameshapata chake na ada zimeshalipwa. Nauli ya 3,500 ukitoa mafuta ya 1,800 inaacha 1,700, na yote ni yao. Safari moja tu imeongeza pato la siku kwa karibu robo tatu. Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Safari nne zinamaliza saa hizo nane. Faida ya kweli inaanza pale sheria inapokoma.

Ndani ya mfano huo mna karibu kila kosa tunalolalamikia. Mwendo wa kasi unatafuta nafasi ya safari ya tano kabla giza halijaingia. Kumkata mwenzake mbele ya kituo ni kuwania abiria ambaye, akipanda gari jingine, ni shilingi 250 zilizopotea. Abiria wa kumi na tano, anayewekwa kwenye ubao kati ya viti, hana gharama yoyote ya ziada. Nauli yake ni faida tupu. Kukaa steji hadi gari lijae, kisha kufidia muda huo kwa kukimbiza, ni hesabu ileile. Kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkopo naye anadaiwa mia kadhaa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na akikosa malipo kwa siku kadhaa pikipiki inachukuliwa. Anapopenya kati ya lori na ukingo wa daraja, mawazoni mwake mna deni la jioni.

Krismasi huikuza hesabu hii maradufu. Jamaa wote walioko Nairobi wanataka kufika magharibi kwa wakati mmoja, nauli inapanda, na dereva aliyefika Kitale alfajiri anageuza gari palepale kurudi. Usingizi wake hauna anayeulipia. Ajali kubwa tulizozililia zimefuata mkondo huo wa usiku na masafa marefu. Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi kuelekea Kakamega lilianguka Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50; lilisafiri usiku bila leseni ya kufanya hivyo. Desemba 31, 2017, basi lililotoka Busia liligongana na lori Migaa, karibu na Sachang'wan, wakafa watu 36.

Askari na ada ya njia

Kazi ya sheria ni kuifanya safari ya tano iwe ya hasara. Dereva akijua kwamba mwendo wa kilomita 110 utamgharimu leseni, hesabu inabadilika. Lakini tafiti za Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, zimeitaja polisi mara kwa mara miongoni mwa taasisi zinazoongoza kwa kudai hongo. Tume ya Huduma ya Polisi ilipowachunguza askari wa trafiki katikati ya muongo uliopita, taarifa za M-Pesa zilionyesha pesa zikitumwa kutoka kwa askari wadogo kwenda kwa wakubwa wao, na baadhi walishindwa kueleza zilitoka wapi.

Mara nyingi tunaizungumzia hongo kama dhambi ya askari na dereva peke yao. Madhara yake makubwa kwa usalama yako kwingine. Pale kizuizini, noti hutolewa na kila gari la abiria, lililojaza na lisilojaza, lenye breki nzima na lenye breki mbovu. Utingo hukunja noti kabla gari halijasimama. Dereva mwangalifu analipa sawa na mzembe, kwa hiyo uangalifu wake haumwokolei hata shilingi. Baada ya muda anajiuliza, kwa haki kabisa, anafuata sheria kwa faida ya nani. Na kwa kuwa noti hiyo ni gharama ya kila siku, inabidi ifidiwe, na ya kuifidia ni kasi na abiria wa ziada. Hongo inayoombwa kwa jina la kudhibiti makosa inageuka sababu ya makosa mapya.

Misako nayo imetuzoesha vibaya. Machi 2022, baada ya mwanamke kudhalilishwa na waendesha bodaboda jijini Nairobi, rais wa wakati huo aliagiza msako wa nchi nzima. Siku chache baadaye ulisitishwa. Januari 2018, baada ya mkasa wa Migaa, NTSA iliondolewa barabarani na kazi ikarudishwa kwa polisi. Dereva aliyeishi haya yote amejifunza kwamba sheria ya Kenya ni mvua ya kupita: unajikinga kwa muda, kisha unaendelea na njia yako.

Na wasio na hesabu je?

Hapa msomaji ana haki ya kunipinga. Mwalimu anayeendesha gari lake kutoka Bungoma hadi Kimilili hana hesabu ya kumpa mtu. Mbona naye hupiga honi, huwasha taa kali machoni mwa wenzake, na hupita foleni kwa upande wa watembeao?

Jibu la kwanza ni kwamba adabu barabarani hutegemea imani kwamba wengine nao wataishika. Ukimpa mtu nafasi moja pale makutano ya Kanduyi na magari sita yakaingia nyuma yake, kesho hutatoa nafasi. Mtu anayefuata zamu kati ya wasiofuata anachelewa, anatukanwa, na mwishowe anajiona mjinga. Wazembe wachache, wakiachwa, huwafundisha wengi. Walimu wakuu wa somo hili ni wakubwa wetu: msafara wenye ving'ora unaposukuma magari mengine vichakani ili kiongozi awahi harambee, kila aliyesukumwa ameelewa kwamba barabara ni ya mwenye nguvu.

Jibu la pili liko ndani yetu. Mwanasaikolojia Ola Svenson alichapisha mwaka 1981 utafiti ambamo asilimia 93 ya Wamarekani waliohojiwa walijiweka katika nusu bora ya madereva, jambo lisilowezekana kihesabu. Sisi si tofauti. Mwenzangu akinikata ni mshenzi. Mimi nikikata, nilikuwa nampeleka mgonjwa. Kioo kilichopandishwa hutuondolea nyuso, na tusiyemwona usoni ni rahisi kumtukana. Yule mzee wa zamani aliyesifiwa kwa subira aliendesha katika mji ambamo karibu kila aliyempita alijua jina la babake. Kitale ya leo ina wageni wengi kuliko jamaa, na aibu, iliyokuwa askari wa bure, imestaafu.

Jibu la tatu ni mafunzo. Mwanafunzi wa udereva wa Kenya amekuwa akitahiniwa juu ya ubao wenye mji uliochorwa, akisukuma kigari cha kuchezea kwa vidole na kutaja kanuni alizokariri. Ubao huo haumfundishi kukadiria mwendo wa lori linaloshuka kuelekea daraja, wala kusoma hatua za mtoto aliyesimama kando akisitasita. Watu wanaijua kanuni na hawana uzoefu. Mengine wanajifunza kwa kuwaiga wale tunaowalalamikia. Pombe na simu huongeza uzito juu ya yote hayo, na hakuna hata kimoja kati yake kilichoanza na kizazi hiki, isipokuwa simu.

Tulichowahi kukifanya

Kama tatizo lingekuwa mioyo, tungehubiri tu. Lakini nchi hii imeshafanya jaribio lake. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na John Michuki, waziri wa uchukuzi, zilianza kutekelezwa Februari 1, 2004: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila kiti, abiria 14 na si zaidi, mstari wa manjano, sare, picha ya dereva ndani ya gari. Zilidai pia dereva na utingo waajiriwe kwa kudumu na walipwe mshahara wa mwezi. Siku za kwanza magari yalikosekana na watu walitembea kilomita nyingi kwenda kazini. Kisha yakarudi, na yakarudi na adabu. Abiria walifunga mikanda. Waliokuwa wakining'inia milangoni waliketi. Ajali zilishuka.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba madereva wa Februari 2004 walikuwa walewale wa Desemba 2003. Hakuna aliyezaliwa upya. Kilichobadilika ni kwamba kosa liliuma na utiifu haukumfanya mtu apitwe, kwa kuwa wote walibanwa pamoja. Usimamizi ulipolegea, vidhibiti mwendo vikaanza kuchezewa, viti vya ziada vikarejea, na kipengele cha mshahara, kilicho mzizi wa yote, kikabaki karatasini. Kilirudiwa katika kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014. Leo ukiwauliza madereva wa steji yoyote kati ya Kitale na Malaba ni wangapi wana mkataba na mshahara, utajua kwa nini hali imerudi ilikokuwa.

Jaribio la pili ni dogo na la kutia moyo. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za masafa marefu vibandiko vinavyowahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza. Madai ya bima kutokana na ajali katika magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, lililokuja kujulikana kama Zusha, lilionyesha kushuka kwa robo hadi theluthi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Karatasi tu, na sauti ya abiria. Kwa kawaida mama mmoja akisema, "Dere, punguza kidogo, tuna watoto humu," gari zima hunyamaza na yeye ndiye anayeonekana msumbufu. Kibandiko kilimwambia kila abiria kwamba ana haki ya kusema, na kikamwambia dereva kwamba abiria watasema pamoja.

Jirani zetu nao wana la kutufundisha. Tanzania ilikataza mabasi kusafiri usiku tangu miaka ya 1990. Mamlaka yake ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliyafunga mabasi vifaa vya kufuatilia mwendo, na ni baada ya hapo ndipo iliporuhusu safari za saa 24 kuanzia Oktoba 2023. Kila basi linaonekana kwenye mtambo, na anayezidisha mwendo anajulikana bila kuhitaji askari asimame gizani. Rwanda, kwa kamera na usimamizi usiochoka, imewazoesha waendesha pikipiki wa Kigali na abiria wao kuvaa helmeti. Watu wa huko hawana damu ya upole zaidi kuliko wa Bungoma. Wana mpangilio unaofanya upole ulipe.

Kazi iliyo mbele

Mpango wa kitaifa wa usalama barabarani uliozinduliwa Aprili 2024 unalenga kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2028. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa matangazo ya redio ya kumwomba dereva awe mwema, huku hesabu ya jioni ikimngoja. Vipengele vitatu viko mikononi mwetu hapa magharibi.

Cha kwanza ni mshahara. Sacco isipewe leseni upya bila kuonyesha mikataba na malipo halisi ya madereva wake, na saa nane zihesabiwe kwa kifaa kilichofungwa ndani ya gari, kinachotuma taarifa mahali ambapo hapana mkono wa kupokea noti. Nauli huenda ikapanda kidogo. Tuseme ukweli kwamba nauli ya chini ya leo inalipwa na wale wasiofika.

Cha pili ni barabara yenyewe. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la usafiri wa umma, maegesho na barabara za kaunti. Bungoma ilionyesha kwamba kaunti inaweza kujenga barabara ya njia mbilimbili kutoka Kanduyi hadi Musikoma. Inaweza basi kujenga njia za miguu, vivuko vilivyoinuliwa mbele ya shule, vituo vya pikipiki vilivyo nje ya lami, na kuvihamisha vibanda vya soko kabla lori halijavihamisha. Kiwanda cha Nzoia na wakulima wa miwa wanaweza kukubaliana kwamba trekta lisilo na rifleta na taa halitoki shambani baada ya magharibi. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Cha tatu ni sisi abiria na wenye magari ya kibinafsi. Tunapanda Probox iliyojaa kwa sababu tuna haraka, kisha tunamlaani dereva aliyetukubalia. Tunashangilia dereva "anayejua kazi" akitufikisha mapema, na tunamwita mzembe akitugonga. Kibandiko cha Zusha kilithibitisha kwamba sauti zetu zina uzito uliopimwa kwa tarakimu, na sauti hizo hazidai bajeti.

Kila atakayekuja kuomba kura ya ugavana wa Trans Nzoia au Bungoma aulizwe hadharani: madereva wangapi katika Sacco za kaunti hii watalipwa mshahara mwaka wako wa kwanza? Shule ngapi za kando ya barabara kuu zitapata kivuko? Nani atazisoma takwimu za mwendo wa magari, na utazitangaza lini? Asiye na majibu hana mpango wa kuokoa mtu, na hafai kupewa kazi hiyo.